Mawe ya Msingi ya Korongoni

Hivi nyie, mmeshawahi kuona chemchemi inazikwa kwa vigelegele?

Jimbo la Korongoni lilikuwa na chemchemi moja ndogo. Mbunge wa kwanza, Fisi, aliahidi kisima, akaweka jiwe la msingi palepale penye maji, akala pilau ya sherehe, akapotea. Akachaguliwa Mbuni. Itifaki hairuhusu kugusa jiwe la mheshimiwa aliyetangulia, kwa hiyo akaweka lake juu. Kisha Nyani akaweka la marumaru, lenye picha yake akitabasamu.

Maji yakakoma. Mama yake Fuko akawa analamba umande.

Fuko, mwenye digrii ya uchimbaji na asiye na kazi, akaenda ofisini kwa Nyani.

"Sori, mheshimiwa. Maji yapo, yako chini ya mawe yenu. Naomba ruhusa nichimbe."

"Kijana, una uzoefu?"

"Mzee, mimi ni fuko."

"Acha sivii hapo. Tutakupigia."

Hakupigiwa. Akachimba kwa chini, mawe yakapinduka, maji yakabubujika, mama akanywa hadi akakohoa. Askari, Mbwa Mwitu, wakamkamata Fuko kwa kosa la kuharibu mradi wa maendeleo.

Kesho yake Nyani akaja na matarumbeta na jiwe jipya, eti kuzindua maji. Akamkuta bibi kizee amekaa juu ya chemchemi, kalowa.

"Mama, tupishe kidogo."

"Sitoki. Jiwe lako kaliweke sebuleni kwako, mheshimiwa, na mwanangu mfungulie leo hii."