Kichwa cha Kuhe

Leodgar alikitoa kichwa cha kuhe kwenye sahani yake, akakiweka kwenye yangu.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, kichwa cha samaki ni cha baba mwenye nyumba. Sijawahi hata kukionja.

"Kula, mama watoto."

Nikagusa kovu shingoni, pale madaktari walipokata kipande cha nyama wakakipeleka Mwanza kupimwa saratani ya tezi.

"Majibu yamefika?"

"Bado. Ndege ya misaada ya wakimbizi, ile inayoleta barua, haijatua wiki hii."

Asubuhi nilikuwa Katonga nikinunua samaki huyuhuyu. Ndege hiyo ilipita juu yetu ikishuka.

Nikakirudisha kichwa kwenye sahani yake.

"Kama hakuna barua, basi ukile wewe, kama siku zote."

Alikata tonge la ugali, akalifinyanga, akalifinyanga. Kichwa hakukigusa.