Swali la Saba

Kumi na mbili jumlisha sita ni kumi na nane. Asteria aliandika jibu, akalitazama, akalifuta.

Haiwezekani. Pampu moja hukausha shimo la maji kwa saa kumi na mbili, nyingine kwa saa sita. Zikiwashwa pamoja zitatumia saa ngapi? Ile ya pili peke yake inamaliza kwa sita. Iweje zikisaidiana zichukue kumi na nane?

Akajaribu kutoa. Sita. Yaani ile ya kwanza ililala tu?

Mtihani wa taifa ulikuwa Jumatatu, na hii ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya darasa la jioni. Alikuwa ameshaanguka mara mbili, zote kwa hesabu. Mumewe alikwishasema: ukianguka ya tatu, madaftari tunakokea moto.

Lakini mumewe huyohuyo, Makoye, aliendesha pampu ya maji kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo wa madini. Asteria akamsomea swali.

"Dizeli kaweka nani?" Makoye aliuliza.

"Swali halisemi."

"Na waendeshaji ni wawili?"

"Nadhani."

"Basi hayo maji hayakauki, Mama Vumilia. Watagombana mpaka jua lizame."

Binti yao Vumilia, wa kidato cha kwanza, alicheka. "Mama, si ufunue nyuma ya kitabu? Majibu yako kule."

"Kitabu chetu ni kimoja, anacho Mwalimu. Na kurasa za nyuma zililiwa na panya tangu Kwaresima."

Tangu Kwaresima hiyo Mwalimu Pantaleo hakutaja tena jibu hata moja. "Nileteeni hatua," alikuwa akisema. "Jibu hata mwizi anaweza kuwa nalo." Darasa zima lilimheshimu kwa hilo. Kila jioni alikusanya madaftari, akaenda nayo nyumbani, na kesho yake akaandika masahihisho safi ubaoni.

Asteria alipiga magoti kando ya kitanda. "Bwana, sikuombi niwe msomi. Nifungulie hili moja tu." Akainuka. Ukurasa ulikuwa vilevile.

Saa kumi alasiri alifunga kitenge, akaondoka kabla ya wenzake. Angemwambia Mwalimu ukweli: nimeshindwa, nifundishe. Aibu mbele ya mtu mmoja ni nafuu kuliko mbele ya kumi na wanne.

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa. Mlango ulikuwa wazi nusu. Alitaka kubisha, mkono ukabaki hewani.

Mwalimu Pantaleo alikuwa amepiga magoti mbele ya ubao, vumbi la chaki limemjaa hadi viwiko. Swali la saba liliandikwa juu. Chini yake palikuwa peupe kwa kufutwafutwa.

"Bwana, ni mimi tena," alikuwa akisema. "Mtihani ni Jumatatu. Leo mjalie walau mmoja wao aje amelipata, nami nijue linavyofanywa."