Pumzi Tatu za Asubuhi

Mlango wetu, kama milango yote ya mjini, haufunguki mpaka upulize kifaa cha ukutani mara tatu. Inahesabiwa pumzi kubwa kuliko zote. Ukifika lita mia tatu kwa dakika unatoka. Usipofika unabaki ndani, maana hewa ya nje itakuua. Kiwango hicho nilikiweka mimi, baada ya miaka ishirini ya kupima mapafu ya wenye pumu.

Leo nimepata mia mbili themanini na tisa. Nikasimama wima, nikajaza kifua kama ninavyowafundisha wagonjwa, nikapata mia mbili tisini na moja. Ya tatu nilikohoa katikati.

Nikampigia simu Mashaka, msaidizi wangu wa maabara.

"Shusha kiwango kiwe mia mbili themanini. Kipo juu mno, nilishakuambia."

"Hukuwahi kuniambia, Daktari. Na kanuni uliyoandika inasema aliyeshindwa kupuliza haruhusiwi kugusa kiwango."

"Kanuni yangu naijua, Mashaka."

"Basi pole, Daktari."

Mama alikuwa kwenye kochi la dirishani. Pumu yake ndiyo iliyonifanya nisomee mapafu, na huu ni mwaka wa sita hajavuka kizingiti. Kila alipolalamika nilimwambia ni kwa usalama wake.

"Nakusikia unakohoa tangu Ramadhani, Zawena," alisema. "Njoo ukae."

Akasogea. Mto wa pili alikuwa ameshauweka.