Ngao ya Kosgei

"Kosgei, rudi! Unaenda wapi?"

Maina alipiga kelele kwa simu mpaka mathe, yule mama wa kibanda cha jirani, akachungulia. Hakujali. Kwa screen, jitu la moto lilikuwa limeinua rungu, na Kosgei, mwenye alifaa kuwa mbele na ngao, alikuwa amesimama kando akiangalia ukuta.

Kwa hiyo gemu kila mtu anachagua kazi yake mwanzoni na habadilishi. Peterson, kule Mai Mahiu, ni wa upanga. Maina, hapa Nakuru, ni mganga: hapigani, anarudishia wenzake damu. Kosgei wa Salgaa ni ngao. Ngao anakula mapigo ndio wengine waishi. Hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini miaka miwili wamepigana pamoja, na hakuna ngao alikuwa moto kama Kosgei. Alikuwa anapigana huku akitusi adui mpaka wenzake wanashindwa kucheza kwa kicheko.

Lakini tangu shule zifungwe, amekuwa mtu mwingine. Haongei kwa mic. Anaandika tu, polepole, na anaweka nukta.

"Mmeshindaje. Mmekula?"

"Boss, umelewa?" Peterson akauliza. "Tuko vitani, unauliza chakula?"

Na hii ndio ilikuwa vita ya mwisho ya msimu. Ukikosa kuingia, mtu wako anafutwa. Ukiingia ukufe, anafutwa pia, jina na kila kitu.

Rungu ikashuka. Kosgei akarushwa kama gunia tupu. Damu yake ikabaki nusu.

"Inua ngao! Finya hapo kushoto!" Maina akamwambia.

Ngao ikainuka. Ikashuka. Ikainuka tena, ikiangalia nyuma.

"Tumwache huyu," Peterson akasema. "Mlango wa kutoka si huo uko wazi? Jitu likishughulika na yeye, sisi tunatoka wazima."

Ilikuwa ukweli. Maina alikuwa amemaliza form four, kazi hakuna, na kitu moja tu alikuwa amewahi kujenga mpaka ikasimama ni huyo mganga.

Ujumbe wa Kosgei ukaingia. "Naomba msituache. Je, anaumia?"

"Anaumia nani? Si ni wewe, fala!" Peterson akakimbia, akatoka. Hata hakuaga.

Jitu likageuka, likamwona Maina. Hapo Kosgei akafanya kitu. Kupiga hakujua, kuruka hakujua, lakini alitembea mos mos, hatua kwa hatua, akaenda akasimama katikati ya Maina na rungu. Akapigwa. Akaamka, akarudi hapo hapo. Akapigwa tena. Sasa damu yake ilikuwa laini moja nyekundu, inawaka na kuzima.

Mganga ana dawa moja ya mwisho: anapeana damu yake yote, halafu mwenyewe anakufa. Hajawahi kuigusa.

"Kosgei, skia. Nakupea yote. Ukiipata, kimbia kwa mlango. Usinirudie. Umeskia?"

"Ndiyo."

Maina akafinya. Mganga akapiga magoti, akaanguka. Jina lake likafifia juu ya kichwa, likaisha.

Ngao akajaa damu. Akageuka. Akagonga nguzo. Akagonga ukuta.

"Kulia! Kulia kwako! Haki ya Mungu, kulia!"

Rungu ikapita ikikwaruza mgongo wake, na Kosgei akaingia kwa mlango. Akapona.

Maina akabaki akiangalia mahali mganga alikuwa.

"Bro, hata kama," akasema. "Nimepoteza mtu wangu juu yako. Si ata uwashe mic uniambie nini mbaya na wewe?"

Jogoo akawika kwa simu, karibu, na sauti ya mwanamke ikaingia.

"Asante, mwanangu. Mimi ni mamake. Kosgei alienda kutahiriwa, bado amefichwa huko msituni na wenzake, na mama haruhusiwi kumwona mpaka watoke. Sasa mimi namwangalia hapa, kwa simu yake."