Jina la Konokono

Mtafiti wa bahari alipanga chupa zake juu ya meza za shule, kila kiumbe na kikaratasi chake: chaza, jongoo bahari, kiti cha pweza. Chini ya kila jina aliandika: "Limetajwa na Bi Raya."

Mize alisoma mpaka chupa ya mwisho, kijicho kikimpanda. Raya huyu! Nani aliyemfundisha kutembea mwambani maji yakitoka, kama si yeye?

"Bi Mize," mtafiti alimwita, akimsogezea bakuli la maji. Ndani alitambaa konokono mnene asiye na gamba. "Huyu hata Bi Raya hamjui."

Mize alimjua. Jina alilofundishwa na mama yake lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alimgusa kwa kidole, na konokono akajikunyata, akatema wino wa zambarau hadi maji yote yakachafuka.

"Anaitwa raya," Mize akasema. "Akiguswa tu, anatapika yote."

Wanawake waliosimama mlangoni wakaziba midomo kwa kanga. Mtafiti hakucheka, akaandika.

"Hana jina jingine?"

"Hana."

Raya akapenya katikati ya watu, machozi yakimlengalenga. Mize akajiweka tayari kwa ugomvi, lakini Raya akamkumbatia kwa nguvu.

"Da Mize, mimi sikujaliwa mtoto. Nilijua siku nitakayokufa, jina langu nalo ndiyo basi tena. Sasa litabaki."

Juu ya bega la Raya, Mize aliyatazama maandishi yakikauka kwenye kikaratasi, na lile jina alilofundishwa na mama yake bado liko kwenye ncha ya ulimi.