Shoti ya Keki

Mhudumu wa baa alichanganya vodka ya vanila na pombe tamu ya chokoleti, akapaka sukari kwenye ukingo wa glasi ndogo ya shoti, ya kunywewa kwa mkupuo mmoja. Bosi akamnyooshea kijiko.

"Onja kwanza, dada. Mpishi asiyeonja anabahatisha."

Mate yakamjaa mhudumu mdomoni. Harufu ilikuwa ya keki hasa, kama iliyotoka jikoni sasa hivi. Mwaka mzima hakuwa amegusa tone la pombe, tangu ilipokaribia kumwua.

"Sionji, bosi. Pua yangu inatosha."

"Basi kazi huna."

Mhudumu akakisukuma kijiko pembeni na kumsogezea bosi glasi.

"Onja wewe. Ikiwa mbaya, nitaondoka mwenyewe."

Bosi akainywa kwa mkupuo, akalamba sukari midomoni.

"Tengeneza nyingine," akasema, bila kumtazama.