Gari ya Jicho Moja

Tangu saa nane Kitsa alikuwa ameingiza kichwa ndani ya capot ya gari yake, na wanaume wa avenue yao, huku Kimemi, walikuwa wakimupa conseil mugongoni, kila mutu shauri lake.

Kanyere, bibi yake, alikuwa amekwisha kufunga kila kitu: mufuko wa nguo, ndoo ya unga, robe nyeupe ya mutoto juu ya vyote ili isikunjike. Kesho asubuhi Abigaïl alipaswa kubatizwa Beni, kule Beu, mbele ya tate yake, mama ya Kanyere. Miguu ya mama yule mzee haikukubali tena safari, na mujukuu alimujua kwa sauti ya kilio tu. Zamani kwenye simu aliuliza watakuja lini. Sasa aliuliza kama mutoto ameota meno, kisha akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulimuumiza Kanyere.

Bus zilikuwako. Mais Kitsa alisema bibi ya mutu mwenye gari hawezi kubanana ndani ya bus na mutoto kwenye magoti. Watu watasema nini? Donc walingojea gari yao.

Na gari ilikuwa na mambo yake. Kwanza matairi: yamechoka, njia ya Beni itayapasua. Kitsa akanunua mapya. Mpaka leo yalikuwa na nywele zake za dukani. Nyuma ya matairi ikawa karatasi za assurance. Nyuma ya assurance, mvua. Wiki hii Kanyere akaona matairi yako, karatasi ziko, mawingu hayako. Kitsa akawasha taa, akaizunguka gari, akarudi na uso wa matanga.

"Mama Abi, taa ya kushoto imekufa. Giza itatukutia njiani. Tutaenda na gari ya jicho moja?"

Ampuli yake, akaongeza, inatoka Dubaï. Wangoje mwezi.

Kanyere hakubishana. Alijua shida iko wapi, ao alifikiri anajua. Siku ya mahari, mama yake alikuwa amesema mbele ya wajomba wote kwamba kijana huyu anapenda kuonekana kuliko kula. Mwanaume anaweza kuogopa kurudi mbele ya mudomo kama ule.

Basi alimuita Kasonia, jirani yao wa taxi-moto. Kasonia akashuka sokoni, akarudi na ampuli mbele uji wa mutoto haujapoa.

"Dubaï imekaribia sana siku hizi, Papa Abi," akasema, akamuwekea mukononi.

Kitsa akavua koti. Akafungua capot.

Éliakim, mwalimu aliyekwisha kustaafu, alisimamia kazi akiwa kwenye kiti alichojiletea. Aliagiza watoe kwanza waya wa batterie. Wengine wakasema hapana, hiyo ni kwa camion. Wakabishana mpaka wakasahau taa yenyewe. Kitsa akachomoa fishi ya umeme nyuma ya taa, akavua kofia ya mpira, akabonyeza chuma kidogo kinachoshika ampuli. Chuma kikaruka, kikapotea ndani ya moteur.

"Basi," Kitsa akasema, "imekwisha." Na Kanyere angeapa kwamba uso wake ulipumua.

Kasonia akalala chini ya gari, akakivua na kipande cha waya.

Kitsa akashika ampuli mupya na vidole vyeusi vya mafuta. Éliakim akamukemea kama mwanafunzi: kioo kile hakiguswi, kitaungua hata Kanyabayonga hamujaiona. Kila mutu alikuwa anajua kwamba Kanyabayonga haiko hata njia ya Beni, lakini mwalimu ni mwalimu. Kanyere akaleta kitambaa safi cha mutoto, akapangusa kioo polepole kama anavyopangusa mashavu ya Abigaïl, akamurudishia bwana yake.

Watu walipenda gari ile. Ilikuwa heshima yao wote. Tangu siku chauffeur aliyeitoa mupakani aliiingiza ndani ya parcelle, volant yake, usukani, kuume kama gari nyingi za ng'ambo, akanywa soda yake na kurudi kwa taxi-moto, Kitsa hakuiacha siku moja bila kuiosha. Kila asubuhi alikaa ndani, akanyosha mukono, akageuza ufunguo, akasikiliza radio huku moteur ikinguruma. Watoto wakienda masomo walimusalimia: "Patron."

Ampuli ikaingia. Kitsa akapitisha mukono dirishani, akawasha. Ukuta wa choo ukapata macho mawili meupe.

Watu wakapiga makofi. Kanyere akapiga simu kule Beu, akasema maneno mawili tu, "Mama, tunakuja," na wote wakasikia mama mzee akilia na kuagiza watu waweke maharagi motoni, pamoja.

Mizigo ikapakiwa. Éliakim akaomba Mungu juu ya safari. Aliombea matairi, aliombea daraja, kisha akaombea sana mikono ya chauffeur, iwe na nguvu, isitetemeke. Kitsa aliitika amina kushinda wote.

Kanyere akakaa nyuma na Abigaïl. Kitsa akavaa koti, akageuza ufunguo, akazunguka gari, akafungua mulango wa kushoto. Akakaa. Akajifunga mukanda. Kuume kwake, volant ilibaki peke yake.

Alitazama mbele kidogo. Kisha akateremusha kioo, akageukia wale wote waliomupa conseil tangu saa nane.

"Sasa, bandugu," akasema kwa sauti ya chini, "nani kati yenu anajuaka kuendesha?"